Nyundo Iliyopitia Motoni

Kijana alikiona kile kichwa cha nyundo juu ya turubai, kando ya barabara kuu pale Chimala, kati ya spana zilizoota kutu na minyororo ya baiskeli. Ubavuni kilikuwa kimegongwa alama ya ratili nne, yaani karibu kilo 1.8. Ndani ya tundu kulikuwa kumesalia kisiki cha mpini wa zamani, kimevunjikia humo pamoja na kabari yake ya chuma. Muuzaji alimwambia ni mtumba kutoka Dar es Salaam, chuma cha Ulaya, kitu ambacho hata wajukuu zake watakirithi. Hakumdanganya. Kilikuwa kichwa kizuri, na uso wake wa kugongea ulikuwa haujapasuka wala kubonyea. Kijana akalipa, akaenda nacho kwa mjomba wake, mwenye banda la uhunzi nyuma ya gereji.

Kisa hiki ni cha kutunga. Hakuna mhunzi wa Chimala ninayemnyooshea kidole, na ukimtafuta kijana huyu hutampata. Lakini makosa yaliyomo ni ya kweli, na wanaoyafanya ni watu wenye bidii na nia njema. Nakisimulia kwa ajili ya wanaoanza kazi hii, na zaidi kwa ajili ya wale wanaosimama karibu nao wakisubiri kufuliwa mundu.

Anayeifahamu Chimala anajua kwa nini mhunzi hakosi kazi pale. Upande mmoja umesimama ukuta wa milima, na njia ya Matamba inaupanda kwa kona hamsini na saba kuelekea Kitulo. Upande wa pili ni bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Katikati inapita barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori hayakatiki usiku wala mchana. Malori huvunja springi. Springi iliyovunjika haimfai tena dereva, lakini kwa mhunzi ndiyo malighafi: humo hutoka mundu, panga, jembe la palizi na ncha ya plau. Mpunga ukianza kuiva, kila mtu anataka mundu, na anautaka leo.

Mjomba alikuwa Mkinga wa Makete, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Kwao uhunzi haukuwa kitu cha kuokota. Wakinga walifua majembe na kuyauza kwa majirani kabla majembe ya kiwandani hayajafika, na jirani zao Wapangwa wa Ludewa waliyeyusha chuma katika nchi ile ile ambayo leo inatajwa kwa madini ya Liganga. Kuyeyusha chuma kulikuwa na miiko mingi: nani aikaribie tanuri, nani asiikaribie, nani ajitenge na mkewe mpaka kazi iishe. Sababu za miiko hiyo zilikuwa za imani. Hata hivyo iliwafundisha watu jambo moja ambalo banda la kando ya barabara limelisahau, kwamba mahali pa chuma na moto si mahali pa kila mtu kusimama.

Siku ile mjomba alikuwa msibani. Kijana alibaki peke yake bandani, makaa ya miwati yakiwa yamekolea, na kichwa chake kipya kikiwa na kisiki ndani. Alijaribu kukitoa kwa patasi, kikagoma. Kabari ya chuma iliyokuwa katikati ilizuia kila kitu. Akautazama moto. Mti si unaungua? Akakitia kichwa chote kwenye makaa, akazungusha feni, akakiacha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisiki kikatoa moshi, kikashika moto, kikawa jivu. Kabari ikadondoka yenyewe. Kichwa chote kilikuwa chekundu. Akakivuta kwa koleo, akakiweka chini udongoni kipoe taratibu, akafurahi kuona tundu safi.

Hapo nyundo ilikuwa imekwisha kufa, ingawa hakuna jicho ambalo lingeweza kuona hivyo.

Kichwa cha nyundo ni kipande kimoja cha chuma cha pua, lakini hakina ugumu mmoja. Kiwandani uso wake wa kugongea hupashwa moto mpaka uwe mwekundu, kisha hupozwa ghafla. Chuma cha pua kikipozwa ghafla huwa kigumu sana, na pia huwa kikavu: hukatika badala ya kupinda. Kwa hiyo mtengenezaji hukirudisha kwenye joto dogo, kwa kipimo, ili ukavu upungue na ugumu mwingi ubaki. Mhunzi asiye na mashine hulisoma joto hilo kwa rangi. Chuma kilichosuguliwa hadi kikawa cheupe, ukikipasha polepole, huanza kuwa na rangi ya manjano ya nyasi kavu kwenye nyuzi kama 220 za Selsiasi, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na kwenye nyuzi 300 hivi huwa buluu. Kila rangi inayopita inachukua sehemu ya ugumu. Ikishapita buluu, uso wa nyundo umeanza kulainika kupita kiasi. Mti wenyewe hauungui mpaka joto lifike karibu na hapo, na makaa yanayopulizwa na feni hupita nyuzi 1,000. Kwa hiyo anayechoma kisiki hawezi kuuokoa uso.

Njia sahihi haina ugumu wowote. Unakata mpini mkongwe kwa msumeno sawasawa na chuma. Unatoboa kisiki kwa drili matundu kadhaa, ukiizunguka kabari. Halafu unageuza kichwa na kukigonga kisiki kwa chuma butu kutoka upande wa mpini, kitokee juu, kwa sababu kabari ilikitanua upande wa juu na huko ndiko kwenye nafasi. Asiye na drili atumie patasi nyembamba na subira. Ni kazi ya nusu saa, pengine saa nzima. Moto ulimwokolea kijana nusu saa hiyo.

Jioni ile alitafuta mpini wa haraka, akapata banzi la paini kwa seremala, akalichonga, akalitia tunduni na kulikaza kwa misumari miwili ya inchi mbili. Akajaribu nyundo kwenye springi. Baada ya mapigo machache alipitisha kidole usoni mwake, akakuta umeingia alama za springi na kingo zimeanza kujikunja kwa nje. Chuma cha Ulaya kilikuwa kimelainika.

Kijana hakuwa mjinga. Alikuwa amemwona mjomba akifua mundu kila siku, akijua kwamba mundu ukitoka motoni huchovywa majini ndipo unakuwa mgumu. Akafanya vivyo hivyo. Akauchomoa mpini, akakipasha kichwa chote mpaka kikawa chekundu cha kung'aa, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Maji yakapiga kelele, mvuke ukajaa bandani. Alipokipitishia tupa, tupa iliteleza bila kukwaruza. Akaona amerekebisha kosa lake.

Alichokuwa hajakiona, ingawa kilifanyika mbele yake kila siku, ni kile mjomba alichofanya baada ya maji. Mundu ukishachovywa, mjomba aliusugua kwa jiwe mpaka ukaonyesha weupe, akaushika juu ya makaa bila kupuliza, akatulia, akaitazama rangi ikitambaa kuelekea kwenye meno, kisha akaupoza. Kitendo hicho hakina kelele. Mlio wa chuma kikiingia majini unasikika mpaka barabarani, na mtoto yeyote anaukumbuka. Kusimama kimya juu ya makaa kunafanana na kupumzika. Anayejifunza kwa kutazama tu huondoka na sehemu ya kazi inayopiga kelele.

Basi nyundo ile ikawa ngumu na kavu kama kioo. Kijana akaisafisha kwa brashi ya waya, akaipitisha kwenye grenda, akaondoa kingo zilizojikunja. Akaziacha kingo mpya kali, zimenyooka, kwa sababu zilipendeza hivyo. Akairudishia mpini wake wa paini. Ilikuwa inang'aa kuliko nyundo yoyote bandani.

Mjomba aliporudi kutoka msibani, kitu cha kwanza alichokishika ni mpini.

"Huu umeutoa wapi, mjomba?" alimuuliza mpwa wake, maana kwao wote wawili huitana hivyo.

"Kwa seremala, mjomba. Banzi tu."

"Hii si paini ya Sao Hill?"

"Ndiyo."

"Paini ni ya kenchi na dari. Nyundo inadai mti ulioshikana. Na hii misumari, ndiyo kabari?"

Kijana akakaa kimya. Mjomba akautoa ule mpini kwa mapigo mawili, akautupa kwenye kuni. Kisha akaanza kumfundisha, na alichomfundisha siku ile kilikuwa sahihi toka mwanzo hadi mwisho. Nakieleza kirefu kwa kuwa mpini mbaya nao huumiza watu: kichwa cha kilo mbili kikichomoka hewani hakichagui pa kwenda.

Juu ya dari ya banda mjomba alikuwa ameweka vipande vya mkole na mpera, vimepasuliwa na kuachwa vikauke tangu msimu uliopita. Miti hiyo ina nyuzi ndefu na unyumbufu. Ikipigwa hupokea mtikisiko na kurudi. Mpingo, kwa ugumu wake wote, haufai, ni mzito na unapasuka. Mkaratusi unafaa ukiwa umekauka vizuri, ila wengi huukata asubuhi na kuutia tunduni jioni. Mjomba hakutumia msumeno kupata kipande. Alikipasua kwa shoka, kwa sababu shoka hufuata nyuzi za mti, na msumeno huzikata popote ulipoelekezwa. Nyuzi za mpini ziende moja kwa moja kutoka kichwani hadi kitakoni. Zikienda mshazari na kutokezea ubavuni, hapo ndipo mpini utakapokatikia, na mara nyingi ni karibu na shingo. Tena aliugeuza mpini ili mistari ya ukuaji wa mti, ile inayoonekana kwenye kichwa cha kipande, ielekee upande wa pigo badala ya kulala kuukinga.

"Na ukavu," akasema. "Usangu kuanzia Juni hewa inanyonya. Mti mbichi ukiutia leo, Oktoba kichwa kinacheza."

"Kikicheza tunakiloweka, mjomba. Kila mtu analoweka."

"Ndiyo, na asubuhi unakuta kimekaza. Halafu?"

Kijana hakujua halafu. Mjomba akamweleza. Mti ukiloweshwa huvimba, lakini umebanwa na chuma kisichotanuka, kwa hiyo nyuzi zake hupondana zenyewe ndani ya tundu. Ukikauka hunywea kuliko ulivyokuwa mwanzo, na kichwa hulegea zaidi ya jana. Anayeloweka nyundo kila jioni anausaga mpini wake kidogo kidogo. Dawa ya nyundo iliyolegea ni kabari, au mpini mpya.

Akamwonyesha tundu. Tundu la nyundo iliyotengenezwa vizuri ni jembamba katikati na linapanuka kidogo kwenye midomo yote miwili, na hiyo ndiyo siri ya kichwa kutochomoka. Mpini unachongwa uingie kwa kubana mpaka katikati, halafu sehemu ya juu inatanuliwa kwa kabari ijaze ule upana wa juu. Alikata mkato kwa msumeno kwenye ncha ya mpini, kina chake theluthi mbili za kina cha tundu. Akachonga kabari ya mti mgumu, pana kutosha kujaza mkato wote. Kuingiza kichwa, hakukigonga. Aliuinua mpini kichwa kikiwa chini kinaning'inia, akapiga kitako cha mpini kwa kipande cha gogo, na kila pigo kichwa kikapanda chenyewe kwa uzito wake, mpaka kikafika mahali kikagoma. Akagongea kabari ya mti, akakata iliyozidi akiacha ncha ya mpini ichomoze kidogo juu ya chuma, akamalizia na kabari ndogo ya chuma kwa mshazari. Urefu aliupima kwa mkono wa kijana, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vifundo vya ngumi, kwa kuwa ni nyundo ya mkono mmoja na ndiye atakayeitumia. Hakupaka vanishi, inayoteleza na kuchubua viganja. Alipaka mafuta ya alizeti kidogo, akayafuta, akarudia siku iliyofuata.

Kisha akaipokea nyundo, akaitikisa karibu na sikio, akaipiga kwenye gogo, akaitazama imesimama wima dhidi ya mwanga. Haikucheza.

"Sasa una nyundo," akasema, akamrudishia.

Alikuwa ameukagua mpini kwa jicho la miaka arobaini. Uso wa nyundo hakuukagua, kwa kuwa ulikuwa unang'aa na haukuwa na ufa. Hakuuliza kisiki kilitolewaje. Kijana naye hakusema. Alikuwa na nafasi tele ya kusema wakati wote ule wa kuchonga, na mwanzoni alinyamaza kwa kuogopa kuulizwa kuhusu makaa aliyoyamaliza. Baadaye alinyamaza kwa sababu alisifiwa.

Hapa nina neno na mafundi. Wengi wetu tumezoea banda ambamo kijana akiuliza huchekwa, na akikosea huitwa jina litakalomfuata mwaka mzima. Banda la namna hiyo linazalisha vijana hodari wa kuficha. Chombo kilichopita mikono ya mtu kina historia, na historia hiyo haisomeki usoni. Inajulikana kwa aliyekifanyia kazi peke yake. Akifunga mdomo, fundi mwenye miaka arobaini kazini anakuwa sawa na mpita njia. Simwondolei kijana kosa lake. Nasema kosa lile lilikuwa na walezi.

Mavuno yalikuja. Asubuhi moja mama mmoja mkulima wa mpunga alifika na kipande cha springi, akitaka mundu mpya. Wenzake walikuwa wameshatangulia shambani. Hakukuwa na benchi, akasimama pale wanaposimama wateja wote, hatua mbili au tatu kutoka kwenye fuawe, ambayo ilikuwa kipande cha ekseli ya lori kilichosimikwa kwenye gogo. Ekseli nayo ni chuma kigumu. Kijana alikuwa anafua. Pigo moja likaenda pembeni, likakosa chuma cha moto, na ukingo wa nyundo ukakutana na ukingo wa fuawe.

Mama akashika jicho. "Cheche," akasema, akalifuta kwa ncha ya kanga. Akaletewa maji akalinawa. Halikutoka damu, na maumivu yalitulia kabla mundu haujakamilika. Akalipa, akaenda kuvuna.

Kijana alipoiweka nyundo chini aliona pengo kwenye ukingo wa uso wake, halifiki upana wa milimita tatu. Akaligeuzia chini. Alinyamaza mara ya pili.

Cheche ya moto ikigusa jicho inauma sana na inamfanya mtu aende hospitali. Kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye nyundo huweza kuuma kidogo tu, na ndiyo maana ni hatari zaidi. Kinakwenda kasi, kina makali, kinatoboa jicho na kuingia ndani, na kidonda chake huweza kujifunga kiasi kwamba mtazamaji haoni kitu. Mtu huona vizuri siku hiyo, pengine na kesho yake. Halafu huja vitone vyeusi vinavyoelea, au ukungu. Chuma kilichobaki ndani ya jicho huota kutu humo, na kutu hiyo ni sumu kwa utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Uchafu ulioingia nacho unaweza kuliozesha jicho kwa siku chache. Mama huyu alivuna mpunga wake wote huku jicho moja likififia, akidhani ni vumbi la mapumba. Alipokwenda hospitali na kupewa rufaa ya Mbeya, picha ya eksirei ilionyesha kipande kidogo cheupe ndani ya jicho. Kilitolewa kwa upasuaji. Jicho halikurudi.

Ndugu yake ndiye aliyekuja bandani kusimulia. Hakuja kudai, alikuja kuuliza kulikuwa na nini siku ile. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaomba apewe ile nyundo, akaigeuza, akaliona pengo. Akatoa tupa akaipitisha usoni. Iliteleza. Tupa ikipita juu ya nyundo nzuri huuma kidogo kwa shida. Ikiteleza kabisa, uso ule ni mkavu mno na utamwaga vipande. Ikiuma kwa urahisi, uso ni laini na kingo zake zitajikunja kisha zikatike. Jaribio hilo halifiki dakika moja. Mjomba hakuwa amelifanya.

"Niambie tangu ulipoinunua," akamwambia mpwa wake, na mbele ya mgeni kijana akasema yote: kisiki, makaa, udongo, ndoo ya maji, grenda, pengo. Mjomba hakumpiga wala hakumtukana. Alimgeukia mgeni akamwambia kwamba banda ni lake, nyundo ilikuwa imepita mkononi mwake kabla ya siku ile, na gharama za Mbeya wazungumze kama watu wa nyumba moja. Walizilipa wote wawili kwa misimu miwili. Jicho hawakuweza kulilipa.

Kuna namna ya kuirudisha nyundo iliyoharibiwa na moto, na mjomba alimfundisha kijana kwenye nyundo ile ile. Kwanza aliutoa mpini, akaipasha polepole mpaka sumaku ya spika ya redio ikaacha kuivuta, jambo linalotokea kwenye nyuzi 770 hivi, akaiacha ipoe ndani ya jivu ili ukavu wote uondoke. Akalisaga pengo na kuukagua uso usiwe na ufa wowote. Ungekuwa nao, angeikata kuwa skrepa. Akaupa uso mbinuko mdogo katikati na kuzungusha kingo zote, kwa kuwa kona kali ndiyo inayokatika kwanza. Akaupasha uso peke yake mpaka sumaku ikaacha tena, akaupoza majini. Mara moja, kabla haijakaa muda mrefu, akausugua ukawa mweupe, na akachomeka ndani ya tundu chuma cha mraba kilichokuwa chekundu. Joto likatoka tunduni likatambaa kuelekea usoni. Katikati pakawa buluu, na ni vizuri pawe hivyo, kwa kuwa panahitaji ulaini. Rangi ya nyasi kavu ilipofika usoni na kuanza kuwa hudhurungi, akaipoza. Kijana alikuwa amesimama karibu, na safari hii aliitazama ile sehemu isiyo na kelele.

Nyundo hiyo sasa inafua vizuri. Lakini ninavyoona mimi, anayeanza kazi asiinunue nyundo kwa kutegemea kuirudisha hivi. Chuma kilichopitia moto usiojulikana huenda kimeshaingia nyufa ambazo jicho halizioni. Asiichome, na hatahitaji kuirudisha.

Kuhusu macho, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na mhunzi mwenye kijana mmoja tu ni mwajiri. Miwani angavu ya kujikinga inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nunua ya kwako, ya kijana wako na moja ya ziada ya mteja, au mwekee mteja benchi nje ya banda umwite mundu ukiwa tayari. Na mtu akisema kitu kimemruka jichoni wakati chuma kinagonga chuma, asilifute, asilikamue, asitiwe dawa ya majani wala matone ya dukani. Lifunikwe kwa kitu kisichoikandamiza mboni, kama kitako cha kikombe cha plastiki, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama haumwi. Mwambieni daktari kwamba ni chuma kwa chuma, ili apige eksirei na asimwingize kwenye mashine ya MRI, ambayo sumaku yake inaweza kukisogeza kipande ndani ya jicho.

Wewe unayeuza nyundo za mtumba Chimala, Igurusi, Makambako au Mafinga, usichome visiki ili vichwa vionekane safi juu ya turubai. Viuze na visiki vyao. Na wewe unayenunua, tazama ndani ya tundu kabla ya kuuliza bei: ukikuta jivu, masizi, au rangi ya buluu inayozunguka midomo ya tundu, muulize muuzaji imepitia nini. Akishindwa kukujibu, mrudishie.